Watwa, wamisionari na wafadhili wao: yanayosemwa na yalivyo

Mazungumzo kuhusu kazi ya Kanisa miongoni mwa Watwa, watu wa asili ya msituni wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, huishia mara nyingi kwenye mabishano ya pande mbili. Upande mmoja husifu wamisionari kana kwamba bila wao kabila hilo lingekuwa limekwisha, na upande mwingine huwalaani kana kwamba wao ndio waliowatoa Watwa msituni. Mimi ni muumini wa Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana, hapa Kisoro, kwa hiyo sijifanyi mgeni katika jambo hili, lakini nimesikia makosa ya pande zote mbili kiasi cha kutaka kuyaandika.

Kosa la kwanza, ambalo hata mahubiri yetu huliendeleza, ni kudhani kwamba Injili ilipelekwa kwa watu wa msituni na Wazungu. Aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo alikuwa Mganda, Apolo Kivebulaya, ambaye mwaka 1896 alivuka kutoka Toro hadi Mboga, ng'ambo ya Mto Semliki, sehemu ambayo leo ni ya Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi, na katika miaka yake ya mwisho aliingia katika msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, watu wa msituni wa huko. Alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Kwa Wakatoliki, jina linalotajwa Kigezi ni la Yohana Kitagana, katekista mwingine kutoka Buganda. Tena Wazungu wenyewe walipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, miongoni mwa lugha walizotumia kufundishia ni hiki Kiswahili chetu, ambacho baadhi ya Waganda leo hukiita lugha ya askari.

Wapo wanaosema kwamba Watwa hawakumjua Mungu mpaka walipofundishwa. Hili halihitaji maneno mengi: Biblia ya Rukiga, lugha ya majirani zao Wakiga, inamwita Mungu Ruhanga, jina ambalo wamisionari walilikuta likitajwa na wenyeji.

Jambo zito zaidi ni la kufukuzwa. Watwa wengi wa Kisoro, Rubanda na Kanungu hawakutolewa msituni na mhubiri, bali na sheria ya uhifadhi, pale serikali ilipozifanya Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991 kwa ajili ya sokwe wa milimani. Wakulima waliokuwa na mashamba yanayoonekana walipata angalau hoja ya kudai fidia, lakini Mtwa, ambaye shamba lake lilikuwa mzinga wa asali, mtego na njia aijuayo yeye, alihesabiwa kuwa hana kitu. Kanisa halikuandika sheria hiyo. Hata hivyo sitalisafisha kupita kiasi, kwa sababu katika makanisa mengi ya huku Mtwa alikuwa akikaa benchi la nyuma, na wapo waumini waliokataa kunywea kikombe alichonywea, na hao hawakuwa Wazungu.

Pia husemwa kwamba hospitali za misheni huwatibu wanaobatizwa tu. Hospitali ya Bwindi, iliyo chini ya Dayosisi ya Kinkizi, ilianza mwaka 2003 kama kliniki chini ya mti, kwa juhudi za daktari Mmarekani Scott Kellermann na mkewe Carol, ambao walikuja kwa ajili ya Watwa. Leo wengi wanaopanga foleni pale ni Wakiga, na hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo.

Kuhusu wafadhili, picha iliyozoeleka ni ya Mzungu mwenye pochi. Picha hiyo ina asili yake: barua ya msafiri Henry Stanley ya kuomba wamisionari waende kwa Mutesa ilipochapishwa London mwaka 1875, mtu asiyejitaja jina aliahidi pauni 5,000, na safari ya kuja Buganda ikaanza. Lakini anayetaka kuona mfadhili wa kila Jumapili aje kwenye mnada baada ya ibada. Mjane analeta jogoo kwa sababu hana shilingi, mzee wa kanisa anaanza kupiga bei, mwalimu anamnunua kwa 30,000 kisha anamrudisha mezani auzwe tena, na kabla ya saa saba jogoo yule yule ameshalipia mabati mawili. Barua za shukrani zinazokwenda ng'ambo hazimtaji mjane huyo.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko zote ni kwamba Watwa wameshanunuliwa ardhi, kwa hiyo suala limekwisha. Ni kweli kwamba makanisa, mashirika na mfuko wa uhifadhi ulioanzishwa miaka ya 1990 walinunua viwanja na kujenga nyumba. Lakini mtu akikutembeza katika kijiji cha namna hiyo, muulize hati imeandikwa jina la nani. Mara nyingi ni jina la shirika au la dayosisi, na mwenyeji hukaa humo kama mgeni wa kudumu. Karibu na kwetu yuko mama wa Kitwa anayefinyanga vyungu, ambaye hupewa nguo za mitumba kila wageni wanapokuja, ilhali udongo wa mfinyanzi huuomba katika bonde la jirani na kuulipia kwa siku ya kulima.

Ndiyo maana Watwa wenyewe, kupitia UOBDU, shirika lao la maendeleo ya Watwa lililoanzishwa mwaka 2000, hawakuishia kwenye misaada. Mwaka 2013 walifungua kesi, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wanastahili hatua maalumu za kurekebisha waliyotendewa, ikalipeleka suala hilo Mahakama Kuu ili hatua hizo ziainishwe. Katika mnada wetu sijasikia bado mtu akinunua jogoo kwa ajili ya wakili wao.