Pikapu ya bodi ndefu: yanayosemwa barabarani na ukweli wake

Asubuhi moja ya msimu wa viazi, pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilisimama kumtazama kijana akihangaika kuingiza Land Cruiser pikapu kati ya Fuso iliyokuwa inashusha magunia na ukuta wa duka. Alijaribu kuingia kwa pua mara nne. Kila mara pua ilipita vizuri, kisha tairi la nyuma la kushoto likapanda jiwe la ukingo wa mtaro. Utingo wake akapiga bodi, ile sehemu ya kubebea mzigo, kwa kiganja, pa! pa! "Suka, nyuma haijapita!" Wazee waliokaa kivulini wakahukumu kuwa gari lile ni refu mno, la kwenda shamba, mjini halifai.

Nimeendesha pikapu za namna hiyo kwa miaka, nikibeba mbegu za viazi na mbao kati ya Njombe, Mafinga na Mbeya, na hukumu kama ile huniuma kwa sababu inamwacha dereva bila msaada. Gari la yule kijana halikuwa na kasoro. Aliendesha tairi za mbele anazoziona, za nyuma akaziacha zijitafutie njia. Mengi yanayosemwa vibaya kuhusu pikapu ndefu yanaanzia hapohapo.

"Bodi ndefu, basi gari lote ni refu"

Si lazima. Chukua Hilux ya toleo lililoanza 2015: singo kebini (safu moja ya viti) yenye bodi ndefu na dabo kebini (safu mbili) yenye bodi fupi zote zina urefu wa karibu mita 5.3, na umbali kati ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ya mbele na ya nyuma ni uleule, mita 3.085. Kilichobadilika ni mgawanyo tu: viti vimechukua nafasi ya mzigo, au mzigo umechukua nafasi ya viti. Hata zile pikapu kubwa za Marekani ziko hivyo. Ford F-150 ya miaka ya 2015 hadi 2020, ile singo kebini yenye bodi ya futi 8, ina urefu wa mita 5.79. Dabo kebini yake yenye bodi ya futi 5 na nusu inafika mita 5.89. Yenye bodi ndefu ndiyo fupi! Mambo yanakuwa mazito pale unapotaka vyote viwili, dabo kebini na bodi ya futi 6 na nusu, kwani hapo unafika mita 6.19.

Kwa hiyo kabla ya kuogopa bodi, uliza ekseli ziko mbali kiasi gani. Tairi la nyuma halikanyagi lilipopita tairi la mbele. Hukata ndani ya kona. Land Cruiser ya mfululizo wa 79 ina mita 3.18 kati ya ekseli, na duara lake dogo kabisa la kugeuka ni la mita 14.4. Ukikata usukani hadi mwisho, tairi la nyuma linapita robo tatu ya mita au zaidi ndani ya njia ya lile la mbele la upande uleule. Ndiyo ile robo tatu ya mita iliyokuwa inalipandisha gari la yule kijana kwenye jiwe. Kadiri ekseli zinavyoachana ndivyo tairi la nyuma linavyokata zaidi. Dawa yake ni kuchelewa kukata kona: acha pua ipite mbele kidogo kuliko moyo unavyotaka, mpaka bega lako lifike usawa wa kona, ndipo ukate.

"Kuingia kwa pua ni rahisi kuliko rivasi"

Hii ndiyo inayowatesa watu wengi, na kwa gari dogo haina madhara makubwa ndiyo maana inadumu. Kwa pikapu ndefu ni kinyume kabisa. Tairi zinazokata kona ni za mbele. Ukiingia kwa pua kwenye nafasi finyu, sehemu inayotii usukani inaingia kwanza, halafu sehemu isiyotii inabaki nje ikihitaji uwanja wa kugeukia. Ukiingia kwa rivasi, ile ngumu ndiyo inatangulia: unailenga ekseli ya nyuma kwenye nafasi yako, ikishaingia, pua unaizungusha upendavyo kwa sababu iko nje kwenye uwazi.

Fanya hivi. Pita nafasi unayoitaka hadi bodi yote iivuke kidogo. Simama. Tazama kioo cha pembeni cha upande unaoingilia, na ukishushe kidogo mpaka uone tairi la nyuma lenyewe. Hilo tairi ndilo unaloliendesha sasa. Rudi polepole, likifika usawa wa kona ya nafasi, kata usukani, gari litazunguka hapo. Likianza kunyooka, nyoosha usukani mapema, usingoje hadi liwe sawasawa.

Ila kuna gharama yake, nami niliilipa Soweto, Mbeya. Nikiwa nimekazia macho nyuma, pua yangu ilifagia upande wa pili na kuvunja kioo cha bajaji iliyosimama kihalali kabisa. Kijana mwenye bajaji hakunitukana, alishuka akaokota vipande kimoja kimoja, akaniambia tu, "Mzee, ulikuwa unaangalia nyuma." Nilinunua kioo kingine siku ileile. Tangu hapo kila nikikata usukani kwa rivasi, jicho moja liende nyuma, jingine lirudi kwenye pembe ya mbele iliyo upande wa pili wa kona, maana hiyo ndiyo inayotoka nje.

"Kamera ipo, vioo vipo, utingo yupo"

Kamera inachafuka. Barabara ya vumbi ya kiangazi au tope la masika la Rungwe, dakika kumi tu na unatazama ukungu wa kahawia. Vioo havionyeshi chochote kilicho chini ya mlango wa bodi, na mtoto wa miaka mitatu anatoshea pale akiwa amesimama. Utingo ni msaada mkubwa ikiwa mmekubaliana jambo moja: nisipokuona kwenye kioo, nasimama, hata ukiwa unaita "njoo, njoo". Na gari likiwa limesimama karibu na nyumba, shuka, lizunguke kwa miguu, kisha ondoka mara moja kabla hali haijabadilika. Hapo sina mjadala.

"Pikapu ikiwa tupu haina hatari"

Pikapu imetengenezwa kubeba. Springi zake za nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, ni ngumu kwa sababu zinangoja mzigo. Bodi ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwenye injini na kebini, nyuma pamebaki pepesi. Ukifunga breki kwa nguvu, uzito unakimbilia mbele zaidi, nyuma panaelea. Kwenye mawimbimawimbi ya barabara ya vumbi panaruka na kuhama pembeni. Mvua ikinyesha, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, unaweza kuingia kona kwa mwendo uliouzoea ukiwa na magunia, na ghafla bodi inataka kukupita.

Mifuko michache ya mchanga, iliyofungwa isitembee, juu kabisa ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, inasaidia sana. Watu wasitumike kama mchanga. Nimesikia dereva akiwaita abiria wa bure wapande nyuma "watulize gari". Mtu aliyekaa kwenye bodi hana mkanda wala paa, na gari likipinduka ndiye wa kwanza kurushwa.

"Mzigo upange popote, mradi umetosha"

Hapa fikiria mizani. Gunia la kilo 100 likikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 3.18 kati ya ekseli, linainyanyua ekseli ya mbele kwa kama kilo 31. Ekseli ya nyuma haibebi tena 100, inabeba 131. Weka magunia manne hivyo uone usukani unavyokuwa mwepesi kama wa baiskeli! Dereva akifurahia wepesi huo hajui kwamba tairi zinazompa kona na sehemu kubwa ya breki zimelegea barabarani. Bodi ndefu inakushawishi kujaza mkiani kwa sababu ndiko mlango ulipo, wapakiaji nao wanachoka. Simama nao. Vizito vianzie ukutani kwa kebini, vyepesi viende nyuma.

Na lumbesa inadanganya. Gunia lililovimbishwa kwa nyavu juu ni zito kuliko gunia la kawaida, hivyo kuhesabu magunia si kupima mzigo. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye karatasi za gari, na upepo wa tairi kwa gari tupu na lenye mzigo mara nyingi uko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Mbao za Mafinga zina lake. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, bodi ya futi 8 ni mita 2.44. Zaidi ya mita moja inaning'inia nje, na mkia huo ukikata kona kwenda kushoto unasogea kulia, usawa wa kichwa cha mtu wa bodaboda anayekupita. Funga kitambaa chekundu, usiku weka kitu kinachong'aa, na kona ichukue ukijua mkia unafagia.

Jingine dogo: nyuma ikididimia, taa za mbele zinatazama juu. Ile "dimu" yako inamchoma macho anayekuja kana kwamba ni "fulu". Gari likiwa na kitufe cha kushusha taa, kitumie.

"Nikiweka fowili, mteremko umekwisha"

Fowili, yaani nguvu ya injini kwenda magurudumu yote manne, inakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya breki, na kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, lenye fowili na lisilo nayo. Kuteremka Kitonga au Iwambi ukiwa na mzigo kunataka gia ndogo tangu juu, kabla mteremko haujaanza, injini ilizuie gari, breki uzikanyage kwa vipindi. Ukizikalia muda wote zinapata moto na kuacha kushika. Wanaotia nyutro kuokoa mafuta hawaokoi kitu kwenye injini za kisasa: gari likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye pedali ya mafuta, mafuta yanakatwa, likiwa nyutro, injini lazima inywe ili isizime.

Tena pikapu nyingi zina fowili ya kuunganisha ekseli mbili moja kwa moja. Ukisahau kuitoa ukifika lami kavu, gari linagoma kukata kona. Nimewaona watu sokoni wakidhani usukani umeharibika.

"Handibreki inatosha"

Iringa mjini ipo juu, ukitoka Ipogolo unapanda, na mitaa mingi ni ya kuegemea. Handibreki kwa kawaida hushika tairi za nyuma tu. Pikapu tupu iliyoelekeza pua chini ina tairi za nyuma nyepesi, hivyo kama kuna uchaguzi, elekeza pua juu, uzito urudi kwenye tairi zinazoshikwa. Acha gia ya kwanza ukitazama juu, rivasi ukitazama chini. Tairi za mbele zikate ili gari likitoroka liishie kwenye ukingo wa barabara, lisielekee katikati.

Kisha zuia tairi. Wengi tunatumia jiwe, na tukiondoka tunaliacha palepale barabarani, usiku mtu wa pikipiki analikuta. Mimi nilichonga kabari mbili kutoka kipande cha mbao kilichobaki kiwandani, nikazitoboa na kuzifunga kamba ndefu. Ncha ya kamba naipitisha dirishani na kuifunga kwenye usukani, kwa hiyo siwezi kuwasha gari bila kuishika kwanza.