Kugeuza Ukurasa na Kusogeza Kidole

Kazi yangu ni kutia rangi katuni na kuandika maneno ndani ya viputo. Nimeifanya kwa ajili ya mitambo ya uchapaji na kwa ajili ya simu, na kila mara naulizwa: kati ya karatasi na skrini, ipi bora? Mimi huuliza kwanza hadithi yenyewe ilichorewa wapi.

Kwenye kitabu, mchoraji hupanga ukurasa mzima. Ukifungua tu, macho huzibeba kurasa mbili kwa mkupuo mmoja kabla hujasoma neno. Unaona kuna fremu kubwa chini, kuna giza upande wa kulia, ndipo unarudi juu kuanza. Kwa hiyo siri haiwekwi ukurasa wa kulia, maana jicho litaidokoa mapema. Huwekwa nyuma yake, msomaji aifikie kwa kugeuza. Ndiyo sababu fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia mara nyingi ni mkono ulioshika kitasa, au mlio usiojulikana umetoka wapi.

Niliwahi kuandika maneno ya hadithi ya mtoto anayemtafuta mama yake ndani ya nyumba. Kurasa tatu za fremu ndogondogo, tisa kila ukurasa, kisha kitasa, kisha unageuza na bustani inajaa kurasa mbili, mama akiwa mdogo kama punje pembeni. Zilikuwa kurasa za katikati kabisa ya kijitabu, pale penye pini, ambapo karatasi ni moja na picha haimezwi na mkunjo. Ndiyo maana nilithubutu kuweka kiputo katikati. Toleo la kidijitali lilipotoka, mchapishaji alikuwa ameikata picha ile vipande viwili. Kiputo kikasomeka “Niko ha” kwenye skrini ya kwanza, na “pa, mwanangu” kwenye ya pili. Iliniuma sana, kwa sababu kurasa zote tatu zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya pumzi ile moja.

Kitabu cha katuni cha Kimarekani kina upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26. Ukikibana ndani ya simu, herufi zinakuwa kama sisimizi. ComiXology, programu ya kununulia na kusomea katuni iliyoanza mwaka 2007, ilijijengea jina kwa njia ya kumwonyesha msomaji fremu moja baada ya nyingine, na kwa mwenye macho dhaifu hiyo ni neema ya kweli. Lakini fremu ndogo na fremu kubwa zote hujaza skrini ileile. Mchoraji alifanya moja ndogo ili uipite haraka, nyingine kubwa ili utulie, na tofauti hiyo inafutika.

Mambo hubadilika kabisa hadithi ikichorwa kwa ajili ya skrini tangu mwanzo. Mwaka 2000 mchoraji katuni wa Marekani Scott McCloud alieleza kwamba skrini inaweza kuwa dirisha la turubai isiyo na mwisho, na kuanzia mwaka 2004 Webtoon, jukwaa la katuni za mtandaoni la Korea Kusini, likawazoesha wasomaji kusoma kwa kushuka chini. Hapo nafasi tupu inakuwa muda. Mtu akiuliza swali zito, naacha weupe mrefu kabla ya jibu, na kidole cha msomaji ndicho kinachopima ukimya ule. Kwenye karatasi ukimya huo ungenigharimu nusu ukurasa. Anayeanguka kisimani anaanguka kweli, skrini tatu nne mfululizo. Shida huja kwenye mapana: uwanja wa vita, meza yenye watu kumi na wawili, vyote vinabanwa ndani ya kichochoro.

Kuhusu rangi, skrini ni taa na karatasi ni wino. Buluu kali na kijani kinachong'aa, ambavyo simu huvitoa bila taabu, hufifia vikipitia wino nne za mtambo. Mandhari ya moto au ya chini ya bahari napenda kuyaona kwenye skrini.

Linalonisumbua zaidi ni umiliki. Mara nyingi unachonunua ni ruhusa ya kusoma. Amazon iliinunua ComiXology mwaka 2014, na Desemba 2023 programu yake ikaingizwa ndani ya Kindle, programu ya vitabu ya Amazon. Waliozoea rafu zao walijikuta kwenye nyumba ngeni. Kampuni ya uchapishaji ya Image Comics ilianza mwaka 2013 kuuza mafaili yasiyofungwa, yaani unayoweza kuyahifadhi mwenyewe, na natamani wengine wangefanya vivyo hivyo. Karatasi rahisi hugeuka njano kwa sababu ya lignini, kemikali ya mti iliyomo, lakini nakala za jarida la katuni la Action Comics namba 1 zilizouzwa senti 10 mwaka 1938 bado zinasomeka kwa macho tu, bila nywila. Na kitabu unaweza kumwazima mtu.

Mchapishaji wa ile bustani alikubali nirekebishe toleo la simu. Picha ingebaki vipande viwili, hilo halikuwezekana kubadilishwa. Nilikihamisha kiputo chote kwenye kipande cha pili, na cha kwanza nikakiacha bila neno lolote. Sasa msomaji anaifikia bustani, haoni mtu, anasogeza kidole, ndipo anasikia sauti ya mama.