Kifuniko cha kuzungusha hakimaanishi mvinyo wa bei ya chini

Jumamosi tena mgeni alikataa chupa ya mvinyo mweupe wa Riesling kutoka Watervale kabla sijammiminia hata tone. Aliona nazungusha kifuniko, akainua mkono, akasema hakusafiri mpaka bonde la Clare, huku Australia Kusini, kunywa mvinyo wa dukani. Anataka chupa yenye kizibo. Kwenye orodha yetu, Riesling ya hapa yenye kizibo haipo. Jambo hili nimelieleza mezani mpaka nimechoka, kwa hiyo sasa naliandika, hasa kwa ndugu zetu wanaokuja kutembelea jamaa Adelaide na wangependa kufika huku kwenye mashamba ya mizabibu.

Clare iko kama kilomita 140 kaskazini mwa Adelaide. Mwaka 2000 kundi la watengenezaji wa Riesling wa hapa, Jeffrey Grosset akiwa mmoja wa waliolisukuma jambo hilo, walikubaliana kuufunga mvinyo wao wa mwaka huo kwa vifuniko vya kuzungusha. Chupa za kufaa hazikupatikana Australia, ikabidi waagize kwa pamoja Ufaransa. Sasa niambie, nani anayebana matumizi huagiza chupa kutoka ng'ambo ya pili ya dunia? Walikuwa wanauza baadhi ya Riesling zinazosifiwa kuliko zote nchini, na walijua hatari yake: miaka ya 1970 kampuni ya mvinyo ya Yalumba ilijaribu kifuniko hicho hicho kwa Riesling ya shamba lake la Pewsey Vale, wanunuzi wakagoma, na mpango ukafa. New Zealand walifuata mwaka 2001.

Walichokuwa wanakikimbia ni TCA, kemikali ya kizibo inayoharibu harufu na ladha ya mvinyo. Kizibo hukatwa kwenye gome la mwaloni, mwingi wake ukitoka Ureno na Hispania. Gome lina vitundu, na kwenye vitundu hukaa ukungu. Ukungu huo ukikutana na kemikali ziitwazo klorofenoli huzigeuza kuwa TCA, na pua iliyozoea hunasa nanogramu chache tu katika lita nzima. Ikiwa nyingi, mvinyo hunuka boksi lililolowa. Hiyo hainisumbui sana, kwa sababu kila mtu huisikia, chupa hurudishwa, tunaleta nyingine. Inayoniuma ni TCA kidogo, ile isiyonuka chochote. Mvinyo hufifia tu. Harufu ya ndimu inapotea, maua yanapotea, ladha inakatika njiani. Mgeni halalamiki. Anamaliza glasi, anajisemea kwamba Riesling ya Clare ni maji yenye ukali, na hainunui tena maisha yake yote. Mkulima aliyepogoa mizabibu kwenye baridi ya Julai hatajua kamwe kwamba mteja wake alipotezwa na kipande cha gome. Riesling huumia kuliko mvinyo mwingine kwa sababu haina pa kujificha: haijalala kwenye mapipa mapya ya mwaloni, haina utamu wa kufunika. Na hapo niseme haraka: Riesling ya Clare kwa kawaida ni kavu, haina sukari ya maana. Anayetaka tamu aulize, zipo chache.

Mgeni nikishamweleza hayo, hunijibu kwamba mvinyo lazima upumue kupitia kizibo, la sivyo hauwezi kuzeeka. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Oksijeni kidogo sana hupita hata kwenye kifuniko cha kuzungusha, na kiasi chake huamuliwa na utando ulio ndani, si na alumini unayoiona. Utando wenye karatasi nyembamba ya bati hupitisha kidogo mno; ule wa plastiki peke yake hupitisha zaidi. Mtengenezaji huchagua. Kwa kizibo cha gome hachagui, kwa kuwa hakuna magome mawili yanayofanana. Fungua kasha la mvinyo mweupe wa zamani wenye vizibo: chupa moja bado inang'aa kijani, jirani yake imeshakuwa ya kahawia, na zote zilijazwa siku moja kutoka tangi moja.

Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia ilichukua Semillon, mvinyo mweupe mwingine, ya mwaka 1999 kutoka hapa hapa Clare, ikaifunga kwa njia 14 tofauti na kuifuatilia. Kifuniko cha kuzungusha ndicho kilichohifadhi salfa dioksaidi, inayolinda mvinyo usiharibike, na uchangamfu wa matunda vizuri zaidi. Ila katika jaribio hilo hilo, mvinyo uliofungwa kwa kifuniko hicho ulionyesha harufu ya mpira. Wauzaji wengi huiruka sehemu hii. Mimi siiruki, kwa sababu harufu hiyo nakutana nayo mpaka leo: kiberiti kilichowashwa sasa hivi, mpira, salfa. Kifuniko hakiitengenezi, kinaizuia isitoke pale mtengenezaji alipoacha misombo ya salfa kwenye mvinyo kabla ya kufunga. Mara nyingi ukizungusha glasi kwa dakika chache huondoka. Mara nyingine haiondoki, na hapo una haki ya kulalamika.

Msiichanganye na harufu ya mafuta ya taa. Riesling ikizeeka huwa na harufu hiyo kutokana na kitu kiitwacho TDN, na ukiinusa kwenye chupa ya miaka kumi usidhani kifuniko kimeharibu. Kizibo cha gome hunyonya sehemu ya TDN, ndiyo maana chupa ya kifuniko hubaki nayo zaidi. Mimi naipenda ikiwa nyuma ya harufu ya mkate uliochomwa na asali. Ikitangulia mbele ya kila kitu, siipendi, na sijali nani ameipa medali.

Basi mkija, fanyeni hivi. Anzeni Sevenhill, kwa Wajesuiti, waliopanda mizabibu mwaka 1851 kwa ajili ya mvinyo wa misa na bado wanautengeneza. Halafu mwonje Riesling ya Watervale, yenye udongo mwekundu juu ya chokaa, kisha ya Polish Hill River, kwenye mawe meusi ya sleti, iliyo ngumu na kali zaidi. Ombeni ya mwaka huu na ya zamani zikae pamoja mezani; hapo kifuniko kitajitetea chenyewe. Temeni mnapoonja, kwa kuwa kikomo cha pombe kwenye damu ya dereva ni asilimia 0.05, au mkodi baiskeli mpite njia ya reli ya zamani kutoka Auburn. Vyumba vingi vidogo vya kuonjea havifunguliwi kila siku, pigeni simu kwanza. Mgahawani kagueni ukingo wa kifuniko kabla hakijafunguliwa: kikiwa kimebonyea, huenda hewa imeingia, ombeni nyingine. Mkiona chaza wa Coffin Bay kwenye menyu, agizeni na Riesling changa, isiwe baridi kama barafu maana baridi huua harufu.

Ninaposita ni kwenye mvinyo mwekundu. Cabernet iliyochanganywa na Malbec ni fahari ya bonde hili, na inatakiwa kulala miaka 20 au zaidi. Nyingine nilizofungua chini ya kifuniko bado zilikuwa zimejifunga, hazitoi harufu ya matunda, zina ule mpira. Tena vizibo vya leo si vile vya mwaka 1999: kuna vinavyosagwa na kusafishwa kwa kaboni dioksaidi yenye shinikizo kubwa, na vingine hupimwa TCA kimoja kimoja. Kwa Riesling sibadilishi msimamo. Kwa Malbec, mtengenezaji akiniletea chupa mbili za mwaka mmoja, moja ya kifuniko na moja ya kizibo kilichopimwa, nitazifungua zote mbili kabla ya kuamua ipi iingie kwenye orodha.