Hesabu ya jioni, kabla ya kufunga ubawa wa pili

Kwa zaidi ya miaka 15 kazi yangu imekuwa kukaa na wenye maduka madogo wa Unguja na Pemba na kuwasaidia kuziweka sawa hesabu zao. Mara nyingi huitwa mambo yakiwa yameshachelewa: rafu zimeanza kuwa na mapengo, muuzaji wa jumla hataki tena kutoa mali kwa ahadi, na mwenye duka anataka nimwandikie maombi ya mkopo. Kabla sijashika kalamu humuuliza swali moja tu, jana aliuza kiasi gani. Jibu ninalolipata mara nyingi zaidi ni kwamba jana, alhamdulillahi, haikuwa mbaya.

Jibu hilo lingefaa kwa mtu aliyeuliza hali, lakini kwa aliyeuliza hesabu linaonyesha ugonjwa ulipo. Duka dogo halifi kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, elfu mbili leo na elfu tano kesho, na mwenyewe, ambaye kutwa yumo dukani, huwa ndiye wa mwisho kujua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwangu uzito wa methali hiyo umo katika yale maneno mawili ya mwisho.

Ndiyo maana nikiombwa kuzungumzia mazoea mema ya kila siku ya mfanyabiashara mdogo, huwa sina orodha ndefu ya kutoa. Mashauri yanayozunguka kwenye simu zetu huanza na kuamka mapema, kana kwamba muuza samaki wa Darajani au muuza mboga wa Mwanakwerekwe anahitaji kufundishwa jambo hilo, ilhali adhana ya alfajiri imeshamwamsha na mali yake ameshaipokea jua likiwa bado halijatoka. Asubuhi ya mfanyabiashara wa kwetu haina tatizo kubwa. Kinachomshinda ni jioni, pale miguu imechoka, watoto wanamsubiri nyumbani, na fedha za siku nzima zimelala kwenye saraka bila ya mtu kuziuliza zimetoka wapi.

Mazoea ninayoyasimamia mimi ni hayo ya jioni: kuhesabu fedha na kuandika mistari michache kabla duka halijafungwa. Wengi hudhani kuwa hesabu hiyo inahitaji kuandika kila kitu kinachouzwa, wakajaribu siku mbili, wakashindwa kwa sababu hakuna anayeweza kuandika kila kibiriti na kila pakiti ya chumvi huku wateja wamejipanga barazani. Haihitajiki hivyo. Zipo njia kamili zaidi, lakini njia ninayoifundisha ni ya kurudi kinyumenyume, yaani kuanzia fedha iliyopo jioni hadi kuyapata mauzo yaliyoizaa.

Nitatoa mfano wa mama mmoja wa Chake Chake, Pemba, mwenye duka la vyakula, ambaye nilikaa naye jioni nyingi. Alikuwa akilifunga jokofu, akalipangusa mfuniko wake kwa kitambaa, na hapo juu akazipanga noti kwa aina zake, za elfu kumi upande wa ukutani na za elfu moja upande wa mlangoni, kisha akamimina sarafu kutoka katika kopo la maziwa. Jioni moja alikuta shilingi 187,500. Mchana alikuwa amemlipa mleta mikate 36,000, ametoa 12,000 ya kitoweo cha nyumbani, na 10,000 ya upatu. Ukiyarudisha yote hayo unapata 245,500, na ukiondoa 30,000 aliyoanza nayo asubuhi kwa ajili ya chenji, inabaki 215,500 iliyoingia kwa mkono. Kwenye simu ziliingia 24,000, na waliokopa siku hiyo walichukua mali ya 18,000, hivyo jumla ikafika 257,500. Hapo nilimsimamisha, kwa sababu katika zile fedha za mkononi kulikuwa na 15,000 ya mtu aliyelipa deni la mwezi uliopita, na deni la zamani likilipwa si mauzo ya leo. Aliyouza siku ile ni 242,500. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoieleza hapa.

Faida ya namba ile haionekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya wiki tatu au nne, pale mwenye duka anapofungua daftari akaona kwamba Ijumaa huuza pungufu kuliko alivyodhani, au kwamba fedha zinazotoka kwa matumizi ya nyumbani zinakaribia faida nzima ya duka. Hili la nyumbani nalitaja kwa makusudi, maana ndilo linalowashtua wengi. Mtoto hutumwa dukani achukue kilo mbili za mchele wa mapembe na robo ya sukari, mgeni akija huchukuliwa soda, na kwa kuwa hakuna fedha iliyobadilishana mikono, hakuna anayehisi kuwa kuna kitu kilichotoka. Simkatazi mtu kula cha dukani kwake. Namtaka akiandike, kwa bei aliyonunulia, kwenye ukurasa uleule.

Sasa, kujua ni rahisi. Kudumu ndiko kugumu. Inasemwa sana kuwa tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na kauli hiyo imewavunja moyo watu wengi waliofika siku ya 22 wakajikuta bado wanajilazimisha. Asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye mwaka 1960 alieleza kuwa wagonjwa wake huhitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Huyo alikuwa akizungumzia pua na makovu, hakuwa akizungumzia daftari la duka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo jipya kila siku, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 wakaona kuwa kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linafanyika lenyewe, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika, na hili ndilo ninalolirudia kwa kila mtu anayenipigia simu kunieleza kwa huzuni kwamba jana alisahau.

Katika utafiti ule kila mtu alilifunga jambo lake jipya na jambo jengine ambalo tayari hulifanya kila siku, kwa mfano kula kitu fulani pamoja na chakula cha mchana. Kwetu sisi siku imeshagawanywa na adhana, na kwa kuwa visiwa hivi viko karibu na ikweta, magharibi haipishani kwa zaidi ya saa moja mwaka mzima, jambo ambalo mtu wa London hawezi kulisema. Hata hivyo simshauri mtu aseme tu kwamba atahesabu "magharibi", kwa sababu wakati huo una haki yake na una haraka yake. Namwambia achague kitendo. Yule mama wa Chake Chake ana mlango wa mbao wa mabawa mawili: akishafunga ubawa wa kwanza huhesabu, na wa pili haufungi mpaka aandike. Wateja wa mtaani wameshaelewa kuwa ubawa mmoja ukifungwa anayetaka kitu aseme upesi, na hata vijana wa barazani humkumbusha kwa utani, "Mama, umeshamaliza benki yako?"

Deni linahitaji maelezo marefu kidogo, hasa kwa Pemba. Duka la kijijini haliwezi kuishi bila kukopesha, na anayewaambia wenye maduka waache kukopesha hajawahi kukaa katika kijiji ambacho nyumba nyingi zinangojea karafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma, na mwenye mikarafuu hupata fedha yake baada ya kuchambua, kuanika na kuuza kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi. Kabla ya hapo watu wanakula, wanavaa na watoto wanakwenda skuli, na duka ndilo linalobeba ngojeo hilo. Aidha, mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu mkubwa hufuatiwa na midogo. Mwenye duka anayekopesha katika mwaka mdogo kwa kiwango cha mwaka mkubwa anajichimbia shimo, na hawezi kujua kuwa amefika huko kama jumla ya madeni haiko mbele ya macho yake kila jioni. Ninachotaka chini ya ukurasa ni namba moja: jumla ya deni lote lililoko nje hadi leo. Mwenye duka aliyezoea kuiona namba hiyo huanza mwenyewe kusema, "Ami, leo nisamehe, daftari limejaa," na husema kwa upole kwa sababu hajafikia kukasirika.

Wapo wanaoona haya kuandika deni mbele ya mkopaji, hasa akiwa jamaa au jirani, wakihofia kuonekana hawamwamini. Hapa huwakumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na ambayo inaamrisha deni la muda liandikwe, na inaonya watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Nimeona kuwa ukimsomea mkopaji ulichoandika, kisha ukamgeuzia daftari akione kwa macho yake, ile haya hupungua kwa nyote wawili.

Na mimi sizungumzi kama mtu aliyesalimika. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na duka la vifaa vya kuandikia, na kutwa nikiziweka sawa hesabu za wenzangu huku zangu nikizibeba kichwani. Muuzaji mmoja wa jumla alinidai 640,000 ambazo nilikuwa na yakini kuwa nimeshazilipa, tena nakumbuka mpaka mvua iliyokuwa ikinyesha siku hiyo. Lakini mvua si risiti. Sikuwa nimeandika, yeye alikuwa ameandika mali niliyochukua, na nikalipa mara ya pili. Sijawahi kujua kama alinidhulumu au alisahau. Tangu siku hiyo, risiti za mali niliyonunua nazitoboa tundu na kuzitia kwenye uzi uliofungwa msumarini, kwa mpangilio wa tarehe, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya kazi ya jioni. Huwa na faida tena mwisho wa mwaka, anapotaka mtu kuthamini mali yake kwa ajili ya zaka, au anapokuja ofisa wa kodi akataka kuona manunuzi.

Ramadhani huvunja utaratibu huu wote. Duka hufungwa kabla ya futari, hufunguliwa tena baada ya tarawehe, na siku za kuelekea Sikukuu wateja hawaondoki mpaka usiku mkubwa. Wanaojaribu kuhesabu mara moja tu usiku huo husinzia juu ya noti. Nawashauri wahesabu wakati wa kufunga kwa futari, waandike mstari wao, na mauzo ya usiku wayaingize katika siku inayofuata. Tarehe itakuwa na kasoro kidogo, lakini mazoea yatabaki mazima.

Daftari lenyewe pia husema kitu pale ambapo halikuandikwa. Nilipopitia miezi mitatu ya yule mama, kulikuwa na mistari mitupu 11, na tisa kati yake iliangukia Jumatano. Aliniambia ni uvivu wake tu. Tulipokaa tukaangalia vizuri, Jumatano ndiyo siku anayokwenda kununua mali ya jumla, akarudi na gari ya jioni akiwa na mapolo ya kupakua, na wakati huo dukani yupo bintiye anayesoma kidato cha tatu. Sasa Jumatano ubawa wa kwanza huufunga binti, huzipanga noti juu ya jokofu kama alivyomwona mama yake, na mwandiko wa siku hiyo katika daftari ni mzuri kuliko wa siku nyengine zote.