BTU kwenye hita ya gereji ni nini hasa

Ukishika boksi la hita ya gereji kitu cha kwanza unachokutana nacho ni namba, BTU 17,000, BTU 45,000, na wengi wanabeba tu ile yenye namba kubwa. BTU ni kipimo cha joto. Moja ni joto la kupandisha paundi moja ya maji, yaani karibu nusu kilo, kwa nyuzi moja ya Farenhaiti, kidogo mno, njiti ya kiberiti ikiungua yote inakaribia hapo. Ila kwenye hita wanamaanisha BTU kwa saa, kasi ya kutoa joto, ndo maana inageuka kuwa wati bila shida: wati 1 ni kama BTU 3.4 kwa saa. Kwa hiyo kahita ka umeme ka kuchomeka kwenye soketi, wati 1,500, kanatoa kama BTU 5,100, basi, hata tangazo liseme nini.

Sasa hilo ni joto linaloingia gereji. Linalotoka je? Chukua mlango wa gari mbili, wa bati tupu, mita 5 kwa 2, nje nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri na we unataka ndani angalau 10 ili mikono ifanye kazi. Mlango peke yake unapitisha karibu wati 1,500, hapo hatujagusa kuta, dari wala ule upepo unaopenya chini ya mlango, yaani hita yako yote imeliwa na mlango afu unakaa unashangaa mbona baridi iko palepale. Ukiuvalisha foamu ya sentimita 5 inashuka chini ya wati mia tatu. Mi ningeanza hapo kabla sijatoa hata senti ya hita.

Halafu BTU hazikwambii joto linaenda wapi. Hita ya feni inapasha hewa, ukifungua mlango kuingiza gari hewa yote imetoka unaanza upya. Ya mionzi, ile ya kuning'inia darini, inapasha sakafu, vifaa na we mwenyewe, mlango ukifunguliwa zege linabaki na joto lake. Ukiingia mara moja moja kufanya kazi kwenye meza moja, ya mionzi inatosha na hata ikiwa ndogo si neno.

Za gesi zina BTU nyingi kwa bei rahisi, sawa, lakini isiyo na bomba la moshi inakumwagia ndani kabonimonoksaidi, gesi ya sumu, pamoja na mvuke wa maji, na huo mvuke unageuka matone ya maji kwenye vyuma, spana zinashika kutu. Chukua yenye bomba, tena inayovuta hewa yake toka nje, na usiiweke chini kabisa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatambaa sakafuni kutafuta moto.