Mhuri wa wakili hautoshi: njia ya cheti chako hadi ubalozini

Mtanzania anayepata kazi Dubai, Doha au Muscat, mtu wa kwanza kumtafuta huwa ni wakili. Anatoa nakala ya cheti, inagongewa mhuri, analipa, anaondoka akijua nyaraka zake zimekamilika. Mimi ni wakili na kamishna wa viapo. Mihuri hiyo naigonga mwenyewe, na kwa ajira ya nje ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote.

Mhuri wangu unasema jambo moja tu: nakala hii nimeilinganisha na karatasi niliyoonyeshwa, na zinafanana. Hausemi kwamba karatasi yenyewe ilitolewa kweli na chuo kilichotajwa, wala kwamba mwenye jina hilo alisoma na kufaulu. Ukiniletea cheti cha kughushi bila mimi kugundua, utaondoka na nakala sahihi kabisa ya cheti cha kughushi. Waajiri wa nje wanalijua hilo, na sisi wenyewe tulilijua kwa machungu mwezi Aprili 2017, pale uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipoibua watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Huenda wengi wao walikuwa na nakala zenye mihuri safi ya mawakili.

Kwa hiyo anza kwa aliyekitoa cheti. Cheti cha kidato cha nne au cha sita kinahakikiwa na Baraza la Mitihani, yaani NECTA. Astashahada na stashahada zinapitia chuoni kwako, kisha NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Shahada inaanzia chuo kikuu husika, na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo msimamizi wa eneo hilo. Cheti cha kuzaliwa ni RITA, wakala wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, kwa Tanzania Bara; Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Cheti cha ndoa ulichopewa msikitini au kanisani nacho kinakwenda RITA, na wengi hulikumbuka hilo mwaka mmoja baadaye, wanapotaka kumchukua mke au mume na kukuta kwamba cheti walichokiacha kabatini hakina uhakiki wowote.

Baada ya hapo ndipo unakwenda Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Mpangilio huu una sababu yake. Ofisa wa ubalozi wa Falme za Kiarabu pale Dar es Salaam hamjui mkuu wa chuo chako cha Tanga au Mbeya, wala hana namna ya kujua kama sahihi ile ni yake. Anachokijua ni sahihi na mhuri wa Wizara. Wizara nayo inazijua sahihi za taasisi za hapa nchini. Kila ofisi inathibitisha iliyoitangulia, basi. Ukiruka moja, inayofuata haina cha kuthibitisha na utarudishwa. Kwa Falme za Kiarabu safari haiishii ubalozini: ukifika kule, Wizara yao ya Mambo ya Nje nayo huweka uthibitisho wake. Ikihitajika tafsiri ya Kiarabu, ifanywe na mfasiri wa kisheria aliyesajiliwa kule, tena baada ya mihuri kukamilika, ili na mihuri yenyewe itafsiriwe.

Hapa niseme kidogo kuhusu apostili, maana watu hawaishi kuniuliza kama inatosha bila ubalozi. Apostili ni cheti kimoja kinachotolewa chini ya Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Nchi mbili zikiwa wanachama, kinachukua nafasi ya mlolongo wa ubalozini. India imo tangu 2005, Ufilipino tangu 2019, ndiyo maana video nyingi za mitandaoni zinakuelekeza huko: anayezungumza anawaambia wenzake wa kwao, na kwao ni kweli. Kwa majirani zetu, Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu Juni 2024. Tanzania haijajiunga. Oman na Saudi Arabia ni wanachama, lakini hilo halikusaidii, kwa sababu lazima nchi zote mbili ziwemo. Anayekuuzia apostili ya cheti cha Tanzania hapa Dar es Salaam anakuuzia karatasi.

Jambo linalotokana na hilo ni kwamba nyaraka huthibitishwa katika nchi iliyozitoa. Umesoma Kampala? Cheti chako kinaanzia Uganda. Umesoma India? Kinapata apostili India, au kinapitia ubalozi kule kule. Utambuzi uliopewa na TCU unakufaa kwa ajira ya hapa nyumbani. Hauwezi kusimama badala ya uthibitisho wa nchi ya chuo.

Wauguzi, madaktari na wafamasia wana njia nyingine ya ziada. Mamlaka za afya za Ghuba hutumia kampuni ya DataFlow, ambayo haitegemei karatasi yoyote unayoipeleka: inaandika moja kwa moja kwa chuo, kwa baraza la taaluma na kwa hospitali uliyofanyia kazi. Chuo kisipojibu, faili lako linakaa. Nenda mwenyewe ofisi ya msajili wa chuo, waeleze kwamba barua pepe hiyo inakuja, na uulize nani ataijibu.

Lakini kinachokwamisha watu kuliko mihuri yote ni majina. Pasipoti inasema Rashid, cheti cha kidato cha nne kinasema Rashidi, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, hawakuliandika. Sisi tunaona ni jina lile lile. Mtu wa Doha anaona watu watatu. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati hiyo nayo ni nyaraka, inapita Wizarani na ubalozini kama vyeti vingine. Zitandaze zote mezani kabla hujalipa hata shilingi, usome majina herufi kwa herufi na tarehe za kuzaliwa.

Tafadhali usilamineti vyeti. Nailoni haigongwi mhuri, na ukiibandua inaondoka na wino.

Cheti cha tabia njema cha polisi kiache mwisho. Kinatolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na waajiri na balozi nyingi hawakipokei kikishazidi miezi mitatu au sita. Aliyekianza mwanzoni, akahangaika na chuo miezi minne, atakirudia.

Mkataba wa kazi nao ni nyaraka. Upitie TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, au kwa Kamishna wa Kazi kabla ya kuusaini, na wakala aliyekuletea akuonyeshe leseni yake chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Wakala akikuomba vyeti halisi "avikimbize" ubalozini, mpe nakala. Vyeti halisi vipeleke mwenyewe, au umtume ndugu unayemwamini kwa barua ya idhini. Nimeona watu waliotaka kuvunja safari wakashindwa kwa sababu vyeti vyao vilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine.

Na ada za serikali hulipwa kwa kontrol namba, si kwa namba ya simu ya mtu. Kontrol namba hutoka kwenye mfumo wa taasisi yenyewe na humletea mlipaji risiti. Wakala akisema ameshakulipia RITA au Wizarani, mwambie akuonyeshe risiti hiyo kabla hujamrudishia pesa yake.