Kabla hujamlipia mtoto gemu ya kuruka na kupigana, ijaribu hivi

Gemu ya mtoto ya kukimbia, kuruka na kupigana ina bei mbili: ile iliyoandikwa kwenye kitufe cha Play Store, na ile utakayoendelea kuitoa mtoto akishainogewa. Wazazi wengi, iwe Mwanjelwa au Mafinga, huniuliza ile ya kwanza tu. Mimi huanza na ya pili. Gemu ya shilingi 8,000 isiyodai kitu tena ni nafuu kuliko ya bure inayomsumbua mtoto kila siku anunue.

Fungua ukurasa wa gemu, usikimbilie nyota. Chini ya jina huandikwa kama ina matangazo au kama inauza vitu ndani yake. Ingia kwenye maelezo kuhusu programu, ushuke hadi chini: utaona bei ya kitu cha chini kabisa na cha juu kabisa. Bei za juu zikiishia kwenye elfu chache, mara nyingi wanauza hatua za ziada au kuondoa matangazo, na hilo si baya. Zikifika laki mbili, ujue ni sarafu na vito vya ndani ya gemu, vya kutumia vikaisha. Ikiwa umeshalipia gemu, halafu ndani inauza visanduku ambavyo mtoto hajui vina nini mpaka alipe, iache. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku hivyo katika baadhi ya gemu vinavunja sheria ya kamari.

Ukishaipakua, angalia kinachotokea mtoto akifa mchezoni. Hapo ndipo gemu inapojionyesha. Gemu nzuri humrudisha mchezoni ndani ya sekunde mbili tatu, na anajua kilichomuua: mshale ulitoka kushoto, alichelewa kuruka. Akirudi, anaruka mapema. Gemu mbaya huleta kitufe kikubwa cha kijani cha "endelea", namba zinahesabu kutoka tano kushuka, na alama ya kufunga imefichwa pembeni, ndogo kama punje ya ulezi. Mtoto wa miaka saba haoni punje, anaona kijani. Vitufe vya kumhadaa mtumiaji si jambo dogo: Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 katika shauri la tume ya biashara ya Marekani, FTC, na mpangilio wa vitufe uliosababisha watu kununua bila kukusudia ulikuwa sehemu ya madai.

Mwache acheze hatua kumi hivi bila kununua chochote. Ugumu ukipanda taratibu, sawa. Ukipanda ghafla na papo hapo likatokea tangazo la upanga wa kununua, ugumu huo umewekwa ili ulipe.

Sasa vidole. Google yenyewe inashauri sehemu ya kugusa isipungue takriban milimita 9. Pima kwa rula kitufe cha kuruka. Kikiwa kidogo zaidi, au kimebanana na cha kupiga, mtoto atakufa kwa makosa yasiyo yake. Kisha shikilia kitufe cha kukimbia, bonyeza kuruka, na wakati huohuo piga. Baadhi ya simu za bei nafuu husoma vidole viwili tu kwa pamoja, kwa hiyo cha tatu kinapotea. Hapo tatizo ni simu, ila hela itakayopotea ni ya gemu. Kwa walio Makete na Njombe msimu wa baridi: kioo hakisomi glavu za kawaida za sufu, mtoto azivue kwanza.

Kujaribu dakika mbili tu hakutoshi. Cheza dakika 20 mfululizo, simu ikiwa haipo kwenye chaji. Simu ikipata moto, prosesa hujipunguza kasi yenyewe, na gemu iliyokuwa laini inaanza kukwama. Kwa mchezo wa kukwepa, picha 30 kwa sekunde zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazoporomoka kila adui wakiongezeka.

Halafu weka hali ya ndege, funga gemu kabisa, uifungue upya. Ikigoma, haitafaa safarini kwenye kona za Kitonga mtandao ukiyumba, na itakula bando kila siku. Usiamini pia ukubwa ulioandikwa Play Store. Gemu nyingi hupakua mafaili mengine zikifunguliwa mara ya kwanza. Ukubwa halisi uko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, hifadhi.

Yote haya yafanye siku ya kwanza. Ndani ya saa 48 tangu ununue unaweza kuomba Google ikurudishie hela: ingia play.google.com, bofya picha ya akaunti, nenda malipo na usajili, tafuta historia ya ununuzi, kisha uripoti tatizo kwenye gemu hiyo. Muda huo ukipita, Google watakuelekeza kwa mtengenezaji, naye huenda asijibu.

Gemu za kurushiwa kwa Bluetooth, zile "zilizofunguliwa kila kitu", sizishauri kwa simu yenye pesa ndani. Ili ziingie lazima uruhusu vyanzo visivyojulikana, na mlango huohuo hupitisha programu za kusoma SMS zako.

Ukiamua kubaki nayo, weka Play Store idai uthibitisho kwa kila ununuzi, na utumie nenosiri mtoto asilolijua. Kama alama ya kidole chake imesajiliwa kwenye simu, ifute kwanza. Kwenye kadi ya mtandaoni unayolipia, weka kiasi cha gemu tu.